Uwanja wa Vita wa Kadibodi

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu mchezo ambao huku kwetu unajulikana na wachache, ingawa Uingereza, Marekani na Ujerumani una maduka yake, majarida yake na maonyesho yake. Ni mchezo wa vita wa mezani. Watu wawili wanakabiliana, kila mmoja na jeshi lake la sanamu ndogo za askari alizozipaka rangi mwenyewe. Mwendo wa askari hupimwa kwa futi kamba, na dadu ndiyo inayoamua nani kapigwa na nani kanusurika. Sanamu zinazotumika sana siku hizi zina urefu wa milimita 28, yaani mtu mzima amepunguzwa mara hamsini na kitu. Anayeuona mchezo huu kwa mara ya kwanza huvutiwa na sanamu hizo, na ana haki. Mimi leo nataka tutazame kilicho chini ya miguu yao: vilima, kuta, mito, mashamba, nyumba zilizobomoka, kwa ufupi mandhari ya mchezo. Hoja yangu ni kwamba mandhari bora hujengwa kwa vitu vya bei rahisi, vyepesi, vinavyokatika kwa kisu, na mara nyingi vilivyokuwa njiani kwenda jalalani. Wala sisemi hivyo kwa kuusifu ubahili. Kazi yenyewe ambayo mandhari hufanya mezani ndiyo inayotaka vitu vya namna hiyo.

Tuitazame kazi hiyo. Chukua meza ya futi sita kwa futi nne isiyo na kitu juu yake. Katika Warhammer 40,000, ambao ni miongoni mwa michezo mashuhuri zaidi ya aina hii, bunduki nyingi za kawaida hupiga umbali wa inchi 24, na askari wa miguu wengi hutembea inchi sita kwa zamu. Askari anayetaka kumfikia adui aliyesimama mwisho wa masafa hayo atatembea zamu nne akimiminiwa risasi, na aghalabu hafiki. Kwenye meza tupu mwenye bunduki nyingi na zamu ya kwanza ameshashinda, iliyobaki ni kutupa dadu kutimiza ratiba. Sasa weka ukuta uliobomoka katikati, kichaka upande wa kushoto na mto upande wa kulia. Mchezaji analazimika kufikiri: apite nyuma ya ukuta achelewe, au avuke mto ajiponze? Mandhari huficha, huchelewesha na hukinga. Kazi hizo tatu hazihitaji kitu cha thamani. Zinahitaji kitu chenye kimo kinachofaa, kimewekwa mahali panapofaa, na ukuta wa boksi la viatu humficha askari wa milimita 28 sawasawa na ukuta ulioagizwa kutoka ng'ambo.

Kuna jambo la pili, na hili wengi hawalioni mpaka waanze kujenga. Mandhari ya mchezo lazima idanganye vipimo. Ngazi ya nyumba halisi ina nafasi ya kukanyagia ya sentimita 28 hivi. Ipunguze kwa kipimo cha sanamu zetu unapata milimita tano, na sanamu husimama juu ya kitako cha duara chenye upana wa milimita 25 au zaidi. Itaanguka. Mjenzi anayefuata vipimo vya kweli kila mahali atapata nyumba ya kupendeza isiyokalika. Kilima nacho hakiwezi kuwa na mteremko wa kweli, kwa sababu askari watateleza hadi chini; hukatwa kwa mapana mapana, kama matuta ya mlimani Lushoto, ili kila kipande kiwe na mahali tambarare pa kusimama. Anayejenga mandhari ya treni ndogo za maonyesho hana shida hizi, kwani mandhari yake haiguswi. Yetu huegemewa viwiko, humwagikiwa chai, hupangwa upya kila mchezo, na hupandishwa kwenye buti ya gari kwenda kwa rafiki. Kwa hiyo malighafi inayotakiwa ni ile unayoweza kuikata upya bila kusita, ukaikosea, ukaitupa, ukachukua nyingine. Hapo bei inaingia yenyewe. Ni nani atakayethubutu kutoboa mlango wa pili kwenye jengo la plastiki alilolilipia nusu ya mshahara?

Historia ya mchezo huu inalishuhudia hilo tangu mwanzo wake. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya mchezo wa vita. Kabla ya hapo alikuwa akifinyanga ardhi yake kwa mchanga uliolowa. Mchanga haukuwa zawadi ya kumpa mfalme, basi akatengeneza kabati la kifahari lenye vigae vyenye milima, mito na vijiji, vilivyopakwa rangi na vinavyoweza kupangwa upya kila mara. Wana wa mfalme waliupenda mchezo huo, na ukabaki humo humo ikulu. Uliokuja kuenea jeshini ni mchezo wa mwanawe, uliochapishwa mwaka 1824, ambao uliiweka kando ile ardhi ya vigae na kutumia ramani za karatasi za kipimo cha moja kwa 8,000. Vikosi vya Prussia vikapewa mchezo huo, maafisa wakafundishwa nao, na baada ya ushindi wa Prussia dhidi ya Ufaransa mwaka 1871 majeshi ya nchi nyingine yakauiga. Mtu anaweza kunipinga akasema ramani si mandhari, na ni kweli. Karatasi haina kimo. Lakini tazama kilichotokea: kizazi kimoja tu kilitosha kuonyesha kwamba ardhi ya anasa huchezewa na familia moja, na ardhi ya karatasi huchezewa na jeshi zima.

Karne moja baadaye kimo kikarudi, na kilirudi bila gharama. H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya ya wavamizi kutoka sayari ya Mars, alitoa mwaka 1913 kitabu kiitwacho Little Wars chenye kanuni za vita vya askari wa bati. Milima ya kwanza ya Wells ilikuwa mabuku ya ensaiklopidia yaliyotandazwa sakafuni. Baadaye akaongeza mbao, matofali ya mbao ya watoto, nyumba za karatasi ngumu, na matawi ya vichaka vya bustanini yawe miti. Mito aliichora kwa chaki. Na kwa kuwa mizinga yake ilirusha risasi za mbao kwelikweli, kwa springi, kila alichokisimamisha kilikuwa kinasubiri kupigwa na kuanguka. Hakuna aliyeweza kuudanganya mchezo ule kwa urembo. Ama kitu kilimkinga askari, ama hakikumkinga. Sidai kwamba ensaiklopidia ni kilima kizuri. Nadai kwamba mwanzilishi wa mchezo huu kama burudani ya raia aliona vyema kwamba kilima ni jambo la kimo na mahali, akaokota kilichokuwa rafuni.

Wachezaji waliofuata, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walirudia mchanga. Meza ya mchanga ilikuwa na sifa: majeshi yenyewe huitumia kuwaonyesha askari ardhi watakayopigania, na ukitaka bonde unalichimba kwa kiganja. Tatizo lake ni uzito. Meza ya mita 1.8 kwa 1.2, yenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita tano tu, imebeba zaidi ya kilo 170. Sakafu ya mbao ya ghorofani inalalamika, na meza haihami tena. Ukombozi ulitoka kiwandani, na haukuwa umekusudiwa kwa ajili ya mchezo wowote. Kampuni ya Dow ya Marekani ilianza katika miaka ya 1940 kuuza povu gumu la polistirini lenye vijitundu vilivyofumbwa. Kwa kuwa halinywi maji, kazi zake za mwanzo zilikuwa za kuvifanya vyombo vya uokoaji vielee baharini, kisha likawa la kuzuia baridi kwenye kuta za nyumba. Ujazo ule ule wa mchanga wetu, ukiwa wa povu hili, haufiki kilo nne. Mtu mmoja anaweza kubeba uwanja mzima wa vita kwapani akapanda nao basi.

Povu hilo la ubao, ambalo kwenye maduka ya ujenzi ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa rangi ya bluu au waridi, si sawa na stairofomu, lile povu jeupe la punje punje linalozungushiwa TV mpya ndani ya boksi. Ni ndugu, ila wana tabia mbili. Povu la ubao ukilichora kwa kalamu ya wino linaweka alama ya kudumu. Mistari ya matofali, nyufa za mawe na mbao za sakafu huchorwa hivyo tu, kisha gololi la karatasi ya aluminiamu iliyokunjwakunjwa huviringishwa juu yake kwa kulikandamiza, na uso wa plastiki unakuwa uso wa jiwe lililoliwa na mvua. Stairofomu nyeupe haikubali mchezo huo, hupukutika punje. Lakini ukiibandika vipande vya gazeti kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa, kisha ukanyunyizia mchanga uliochekechwa, inatoa kilima kizuri kabisa, na yenyewe ni bure. Yote mawili hukatwa kwa waya wa moto, yaani waya mwembamba wa nikeli na kromiamu unaopashwa kwa umeme kidogo, na mkato hutoka laini kama umepigwa msasa. Yote mawili huyeyuka yakiguswa na petroli, thina au rangi ya kupuliza yenye kemikali hizo. Hiyo ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote katika kazi hii: mtu anamaliza ngome yake, anaipulizia rangi nyeusi ya kopo, na ngome inanywea mbele ya macho yake. Dawa yake ni kuipaka kwanza rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao. Tabaka hilo hufunga vijitundu na kuupa uso ugumu wa kuhimili ukucha.

Baada ya povu inakuja orodha ndefu ya vitu ambavyo havikutengenezwa kwa mchezo, na hapa ndipo ninapoona utajiri wa kweli wa ufundi huu. Trei za mayai za karatasi zikikatwa vipande vidogo hutoa mawe ya kujengea kuta, na ukavu wake wa kukwaruza hauigizwi kwa urahisi na plastiki. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa vizuri, ni majani makavu ya msituni. Vumbi la msumeno likitiwa rangi ya kijani ni nyasi fupi; nyasi ndefu hutaka nyuzi za nailoni zisimamishwe wima kwa umeme tuli, na badala ya kununua kifaa chake, wachezaji wengi wamegundua kwamba raketi ya kuulia mbu, ikiunganishwa na chujio la chai la chuma, inafanya kazi hiyo hiyo. Taulo kuukuu lililoloweshwa gundi huwa paa la nyasi. Na shamba la ngano la Ulaya, lile ambalo askari wa Napoleon huvuka kwenye meza nyingi za Uingereza, mara kwa mara limekatwa kutoka kwenye zulia la kufutia miguu mlangoni, lililosokotwa kwa makumbi ya nazi. Mnazi umepigana Waterloo, kwa maana hiyo, bila wenye minazi kuwa na habari.

Kadibodi inastahili sentensi zake. Boksi la kawaida lina karatasi mbili za nje na wimbi katikati. Lowanisha upande mmoja, uubandue, na umepata bati la nyumba. Mpenda vipimo ataleta ubishi: bati la kweli lina mawimbi yaliyoachana kwa milimita 76, kwa kipimo chetu yangekuwa chini kidogo ya milimita moja na nusu, na wimbi la boksi ni kubwa kuliko hapo mara kadhaa. Hesabu yake ni sahihi. Hata hivyo jicho linalotazama kutoka umbali wa mkono mmoja halihesabu mawimbi. Linaona mistari sambamba na kutu ya rangi ya kahawia, linasema bati, linaendelea na vita.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba uwanja wowote unatosha. Hautoshi, na mfano ulio karibu nasi ni Tanga. Mapigano ya Novemba 1914 yanajulikana sana kwa wachezaji wa Ulaya na Marekani, na sababu yake inaeleweka. Waingereza walishusha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken; Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa na askari kama 1,000, wengi wao Waafrika. Kwenye meza tupu huo si mchezo, mmoja dhidi ya wanane huisha kabla chai haijapoa. Lakini waliteremka Ras Kasone, penye mikoko na mwinuko wa kupanda, wakaingia kwenye vichaka na mashamba ya minazi, mpira na mkonge, ambamo kombania moja haikuiona nyingine; mbele yao ilikuwa reli na nyumba za mji zilizokuwa zimeshikwa na watu wanaoijua ardhi; hata nyuki, waliochokozwa na risasi, waliingia vitani. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini. Anayetaka kuicheza Tanga ni lazima aijenge Tanga, kwa sababu ardhi ndiyo iliyopunguza 8,000 wakawa idadi inayopigika.

Sasa nenda ukanunue Tanga dukani. Utakachopata ni boksi lililoandikwa msitu: miti ya plastiki yenye mizizi minene, mashina yaliyopinda, maua ambayo hayajawahi kuota mahali popote duniani. Kiwanda hakina kosa, kinauza kile ambacho mnunuzi wa mbali anakidhania kuwa Afrika, na boksi hilo hilo litatumika kesho kwa Amazon na keshokutwa kwa sayari isiyokuwepo. Anayejenga mwenyewe hana njia hiyo ya mkato. Akiketi na kisu na kadibodi atalazimika kujiuliza mkonge hupandwaje, na jibu ni kwamba hupandwa kwa mistari. Mistari hiyo humwongoza anayekimbia na humwacha wazi anayesimama mwisho wake. Ataukata mkonge kwa vipande vya karatasi ngumu vilivyochongoka, ataupanga safu kwa safu, na ghafla ameelewa kitu kuhusu vita ile ambacho boksi lisingemwambia kamwe. Mnazi ataujenga kwa waya uliozungushiwa uzi, na makuti ya karatasi yaliyochanwa kingoni. Wapo kwetu watakaosema kwamba vita ile iliua watu wetu, wapagazi kwa makumi ya maelfu katika miaka iliyofuata, na si ya kuchezewa. Ni pingamizi zito, na anayelishikilia simlaumu. Naongeza hili tu: Afrika ya boksi haina mashamba, na pasipo mashamba hakuna wakulima wala vibarua. Ile iliyojengwa kwa kuulizia inayo.

Nije kwa wanaopinga hoja yangu kwa sababu nyingine. Wa kwanza wanasema vya kununua ni vizuri zaidi na vinaokoa muda. Kuhusu uzuri nakubali nusu. Dirisha la kanisa lililotoka kwenye kalibu ya chuma lina nakshi ambazo kisu cha mkono hakizifikii. Lakini majengo elfu kumi yaliyotoka kwenye kalibu moja yana ufa ule ule kwenye kona ile ile, na mchezaji mzoefu anautambua hata akiwa mlangoni. Kuhusu muda, jengo la plastiki nalo hukatwa kwenye fremu, hugundishwa na hupakwa rangi. Kinachookolewa ni sehemu ya kukata tu, na kilima hakina cha kuokoa kwani hukatwa kwa dakika chache. La kuzingatia zaidi ni kwamba kampuni zenyewe zilianzia huku huku. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, yenye Warhammer, iliwafundisha wateja wake kutengeneza gari la vita linaloelea kutokana na kichupa kitupu cha dawa ya kwapa, na katika miaka ya 1990 ilichapisha kitabu kizima cha kujenga mandhari kwa povu, kadibodi na mchanga. Baadaye ikaanza kuuza majengo ya plastiki. Biashara ni biashara. Ila tusije tukaamini kwamba kichupa kiliacha kufaa siku ile kalibu ilipofika.

Wa pili wana hoja yenye nguvu zaidi: printa ya 3D. Mashine hii huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kila moja yapata sehemu mbili za kumi za milimita, na mchoro wake unapatikana kwenye intaneti, mwingine bure. Wanasema ndiyo rahisi mpya, kisu kistaafu. Kwa vitu vidogo vinavyorudiwa, kama milango, madirisha, mapipa na nguzo za kingo za ngazi, wako sahihi na ni ukaidi kuchonga madirisha arobaini kwa mkono. Kwa ardhi yenyewe hapana. Kilima cha ukubwa wa sahani kitaishughulisha mashine kwa saa nyingi, kitoke kizito, chenye mistari ya tabaka mteremkoni, na kikiwa kimo kisichofaa hakipunguziki. Inabidi uanze upya. Povu ungelipunguza wakati maji ya chai yanachemka. Tena mchoro wa bure ni mchoro wa mtu mwingine, wa mahali pengine, kwa hiyo lile tatizo la boksi la msitu limerudi kwa mlango wa nyuma. Vivyo hivyo kwa nyumba za mbao za MDF zinazokatwa kwa leza: hukaa imara, husimama wima, na bila kuvikwa plasta, mawe na bati huonekana kama zilivyo, masanduku.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni la sumu na uchafu. Polistirini haiozi. Punje zake huchukuliwa na upepo na maji hadi baharini, na nchi zetu, Kenya iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania iliyofanya hivyo mwaka 2019, zinajua gharama ya vitu vyepesi visivyooza. Tena waya wa moto ukilikata povu hutoa moshi wenye styrene, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Haya hayafichiki wala hayapuuzwi. Kwa moshi, jibu ni kukatia nje au penye madirisha mawili yaliyo wazi, waya uwe na moto wa kutosha kukata na usizidi, na povu lisichomwe moto kwa hali yoyote. Kwa uchafu, jibu linategemea povu limetoka wapi. Anayenunua ubao mpya wa povu ameongeza plastiki duniani, hata kama ni kidogo. Anayechukua stairofomu ya friji ya jirani hajaongeza kitu. Ameichelewesha kwenda jalalani kwa miaka, na akiifunga kwa gundi na rangi amezuia punje zake kupukutika. Kwa kipimo hiki hiki plastiki ya dukani haina ubora wowote juu ya povu, kwani imetengenezwa mpya, imefungwa ndani ya plastiki nyingine, na imesafirishwa kutoka mbali. Na anayeona yote hayo ni mengi mno anaweza kujenga meza nzima kwa kadibodi, trei za mayai, vumbi la msumeno na makumbi, ambavyo vyote huoza. Kilima cha kadibodi zilizogandishwa moja juu ya nyingine ni kizito kidogo kuliko cha povu na huogopa maji. Mengine yote kinayafanya.

Kwa hiyo, msikilizaji unayetaka kuujaribu mchezo huu, au mwalimu wa historia unayetaka wanafunzi wako waone kwa nini Waingereza walishindwa Tanga, usianze na katalogi. Tafuta maboksi mawili makubwa, trei kadhaa za mayai, kopo la gundi ya mbao, mchanga uliochekechwa, rangi ya maji nyeusi, kahawia na kijani, na kisu chenye wembe mpya, maana wembe butu huchana kadibodi na hukata vidole. Tengeneza vitu vitatu kabla ya kingine chochote: kilima kimoja chenye mapana ya kusimama sanamu, ukuta mmoja wa urefu wa kiganja na kimo cha kumficha askari, na shamba moja lenye mistari. Vipange mezani, cheza, halafu uvihamishe na ucheze tena. Utakapojua kwa kucheza ni kitu gani kinakosekana, hapo ndipo utoe pesa, kama bado utaona haja.